Kidonge cha Alhamisi

Kijiwe cha Adolfu fundi baiskeli kiko Izia, Sumbawanga mjini, pale njia ya kushuka sokoni inapokutana na njia ya kwenda kliniki. Benchi lenyewe ni ubao wa mninga uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Asubuhi za Julai, upepo wa Ufipa unapopuliza mpaka masikio yanauma, hakuna mahali pengine mjini penye joto kama pale, maana wanaume hukaa wamebanana na jiko la Flavian muuza kahawa liko miguuni mwao. Mwaka ulikuwa tisini na tano. Biashara ilikuwa imefunguliwa, makoti ya Ulaya yamejaa sokoni, maduka ya dawa yamefunguliwa kila kona, na vyama vya siasa ndio usiseme. Kitu pekee ambacho hakikuwa kimepanda bei ni maoni, na pale kijiweni kila mtu alikuwa nayo ya kutosha na ya akiba.

Alhamisi hiyo Adolfu hakuwa na maoni. Alikuwa na pakiti ya vidonge kwenye mfuko wa shati, na kila akiinama kuchukua spana, ilimkwaruza kifuani.

Ilikuwa hivi. Usiku wa jana binti yake Rozina, wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu, alimwomba amtengenezee mkanda wa begi la shule. Asubuhi binti akabeba madaftari kwenye mfuko wa nailoni, akaacha begi. Adolfu akakata kipande cha tyubu, akapaka solesheni, akaingiza mkono ndani ya begi ili ashikilie kiraka, na mkono ukatoka na pakiti. Vidonge vidogo vimepangwa mistari, juu yake majina ya siku na mishale. Adolfu ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, kwa hiyo wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba ni novena, ile sala ya siku tisa. Alifurahi kweli. Akajisemea, kumbe mtoto anasali kwa utaratibu hivi, siku baada ya siku, na mimi namgombeza kwa kuchelewa rozari! Kisha akageuza pakiti, akaona nyota ya kijani, ileile iliyochorwa kwenye ukuta wa kliniki kando ya picha ya baba, mama na watoto wawili, na furaha ikamwishia miguuni.

Hapo hapo akaenda kwa Meshack, dereva wa lori la kwenda Kaoze bondeni, akashika kiti cha mbele. Saa sita wangepita shuleni, wamchukue Rozina, wamteremshe bondeni kwa shangazi yake akalime mpunga. Shule basi. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu mzima mwenye nyumba yake, lakini aliporudi kwenye benchi alichokuwa anakitamani kuliko vyote ni mtu mmoja tu amwambie kuwa vile ni vidonge vya minyoo.

Akavitoa mfukoni kama vile si vyake.

— Jamani, hebu tazameni. Hivi nimevikuta kwenye keria ya baiskeli ya mteja. Ni vya nini?

— Mteja gani? akauliza Redio Mbao, ambaye jina lake la ubatizo ni Leonidas, ila habari zake hazikuwahi kuhitaji betri.

— Mteja tu. Wa Laela huko.

— Wa Laela mrefu au wa Laela mwenye kibiongo?

— Wa katikati, akasema Adolfu.

Pakiti ikapita mkono kwa mkono, ikamfikia Dokta Geti. Huyu ni Baltazari, mzee aliyelinda geti la hospitali miaka kumi na tisa, na kwa maelezo yake mwenyewe, elimu yote iliyoingia hospitalini ilibidi ipite mbele yake kwanza. Akaishika kwa ncha za vidole. Akainusa.

— Vidonge vya majira, akatangaza. Vya kupanga uzazi.

— Si vya minyoo? akauliza Adolfu haraka.

— Minyoo! Nimelinda stoo ya hivi vitu mimi. Hivi ni vya majira, na mwenye navyo ni msichana mdogo.

— Umejuaje ni msichana mdogo?

— Mke wa mtu angevificha kwenye unga.

Wote wakakubali kwamba hiyo ni sayansi. Adolfu akapiga funda la kahawa ya moto, ikamuunguza ulimi, akashukuru kupata sababu ya kukunja uso.

— Baba yake yuko wapi huyo binti? akasema Redio Mbao. Kuna wanaume wamezaa lakini hawajalea, wallahi!

— Wewe Mkristo, wallahi ya nini? akauliza Dokta Geti.

— Nina uchungu, nimekopa. Baba wa namna hiyo anastahili kuvuliwa suruali sokoni. Au siyo, Adolfu?

— Kweli kabisa, akasema Adolfu kwa sauti ndogo.

— Sema kwa nguvu, wewe ni mwenyekiti wa jumuiya!

— Avuliwe!

Flavian akajaza vikombe. Wa nne pale benchini, Tuntufye, Mnyakyusa kutoka Mbeya aliyeingia Sumbawanga na marobota ya mitumba, ndiyo kwanza akafungua mdomo. Huyu wanamwita Ruksa, maana ukimuuliza lolote chini ya jua atakujibu kwamba siku hizi ruksa. Juu ya robota lake la makoti alikuwa amemfunga kuku jike mwekundu, aliyempata asubuhi hiyo kwa kubadilishana na koti moja.

— Washikaji, mimi nauliza kibiashara. Hivi vidonge vimetoka wapi?

— Ulaya, akasema Dokta Geti.

— Basi ni mitumba. Kila kinachotoka Ulaya siku hizi ni mitumba. Hivi vimeshatumika huko.

— Kidonge kitatumikaje halafu kije huku?

— Koti je? Mzungu kalivaa miaka mitatu, kalitoa, limefuliwa, limefungwa robota, wewe hapo umelivaa unajiona bwana harusi. Soko huria hilo, mzee. Siwezi kukuambia kidonge wamekitoaje, lakini nakihisi kimechoka.

Dokta Geti hakupenda mtu kumwingilia fani. Akaweka kikombe chini.

— Sikilizeni. Kile kidonge hakiyeyuki. Kinashuka kinakaa. Cha kesho kinakaa juu ya cha leo. Mwaka mmoja, msichana ana shanga tumboni. Nimeshuhudia mwanamke ametolewa kilo nzima.

— Umeshuhudia ukiwa getini?

— Walipita na ndoo.

— Ndoo ilikuwa na kifuniko? akauliza Flavian, ambaye kwa kawaida huwa hasemi.

— Ilikuwa na kifuniko, lakini ilikuwa inalia.

Kijiwe kizima kikatikisika, hata ubao ukateleza kidogo kwenye rimu. Adolfu naye akacheka, kisha akakumbuka tumbo linalozungumzwa ni la nani. Akachukua begi akaanza kubonyeza kiraka cha mkanda kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

— Shanga si kitu, akasema Redio Mbao. Kipili kuna binti wa mvuvi alimeza kimoja. Kimoja tu! Siku hiyo mashua kumi na mbili zimerudi bila mgebuka hata mmoja. Ziwa lote limefunga uzazi.

— Aisee!

— Wakamkalisha binti mchangani mpaka akakitapika. Kesho yake migebuka imejaa mpaka wanawapa paka.

— Mbona mimi nilikuwa Kipili mwezi uliopita, akasema Ruksa, na migebuka ilikuwepo?

— Ulikwenda baada ya kutapika.

Wakahesabu vidonge. Ishirini na vinane, vyeupe na vya kahawia, ukihesabu na matundu ya vile vilivyokwisha kumezwa. Redio Mbao akaruka: ishirini na vinane ni Februari! Kwa hiyo dawa inafanya kazi Februari tu, miezi mingine hapana, na ndiyo maana nchi hii watoto hawaishi kuzaliwa. Dokta Geti akasema hapana, vyeupe ni vya mchana na vya kahawia ni vya usiku, na binti akikosea akameza cheupe gizani, anaota ndevu. Ruksa akasema hilo la ndevu kweli, anajua mama mmoja Tunduma. Kila mmoja alikuwa anaongeza chumvi yake, na sauti zilipanda hadi wapita njia wakawa wanapunguza mwendo.

Adolfu akatazama jua. Saa tano ilikuwa imepita. Sasa hivi Rozina alikuwa darasani, labda hesabu, somo alipendalo, hajui kama kiti chake kwenye lori kimeshashikwa. Baba mtu akajikuta anauliza kitu ambacho hakukipanga.

— Sasa huyo binti... tuseme amevimeza mwezi mmoja au miwili. Ameharibika? Hawezi kupata mtoto tena, hata akiolewa?

Hakuna aliyegundua jinsi alivyouliza, isipokuwa Flavian, ambaye alimtazama, akatazama begi, akarudisha macho kwenye birika lake.

— Amekauka, akasema Dokta Geti. Kizazi kimekwisha.

— Una hakika?

— Unataka ushahidi? Kisayansi tunajaribu kwa mnyama. Ruksa, huyo kuku anataga?

— Mwenyewe kaniambia anataga kila siku. Ndiyo maana nilimpa koti lenye vifungo vyote.

— Basi tumpe kimoja. Asipotaga tena, mmeona kwa macho yenu.

Adolfu akataka kukataa, akashindwa aseme nini. Pakiti si ya mteja wa Laela? Ruksa akamshika kuku mabawa. Redio Mbao akataka kubandua kidonge cha mwisho kabisa, cha kahawia, lakini Dokta Geti akampiga kofi mkononi.

— Wewe! Dawa ina utaratibu. Leo ni siku gani?

— Alhamisi.

— Basi apewe cha Alhamisi. Hatutaki kumvuruga kuku wa watu.

Wakafuata mshale, wakakipata cha Alhamisi, cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kuku akakimeza bila kubembelezwa, akatazama kama kuna kingine. Wakamfungua miguu wakamweka juu ya robota, ndani ya koti la sufu, wakakaa kumsubiri. Wanaume wanne wazima, mmoja wao mwenyekiti wa jumuiya, wamemkodolea macho kuku kama wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

— Anapauka, akanong'ona Redio Mbao.

— Upanga wa kichwani unanyauka, akasema Dokta Geti.

— Ni upepo huo, akasema Ruksa, ambaye alianza kuhofia mali yake.

Kuku akajitikisa. Akaketi. Akafumba macho. Dokta Geti akavua kofia kwa heshima. Kisha kuku akasimama, akapiga kelele za ushindi, na ndani ya koti la sufu palikuwa na yai, la moto, safi kabisa.

Hapo ndipo kijiwe kilipopasuka. Ruksa alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka. Adolfu alisimama bila kujijua, akapiga makofi, na kwa muda huo mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Izia.

— Ametaga! Dokta, ametaga! Hajaharibika!

— Tulia wewe, akasema Dokta Geti, akivaa kofia upya. Hilo ni yai la jana. Lilikuwa limeshaanza safari, dawa imelikuta njiani.

— Halina kiini hilo, akadakia Redio Mbao. Ni ganda tu.

Wakalipasua kwenye kikombe cha Flavian, Flavian akilalamika kwamba kikombe si bakuli. Kiini kikawepo, cha njano, kimetulia. Redio Mbao akasema kimepinda. Dokta Geti akasema ndani yake kuna unga wa dawa. Ruksa akachukua kikombe akakibugia chote, akafuta mdomo.

— Ndaga! akashukuru kwa Kinyakyusa. Kitamu. Siku hizi ruksa.

— Umekwisha, akamwambia Redio Mbao. Sasa ni wewe usiyezaa.

— Nina watoto saba, mshikaji. Hapo umenisaidia.

Walikuwa bado wanacheka, wengine wanafuta machozi, Otilia alipofika na bakuli la chakula cha baba yake. Otilia ni binti mkubwa wa Adolfu, ana miaka ishirini na mmoja, na mgongoni alikuwa na mwanawe amelala. Aliwahi kuwa wa kwanza darasani. Akiwa kidato cha tatu alipata mimba, shule ikamfukuza siku hiyohiyo, na aliyekwenda kumchukua alikuwa Adolfu, na sanduku lake alilifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu. Njia nzima baba alisukuma baiskeli na binti akatembea nyuma yake.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, marahaba mama!

Otilia akaweka bakuli. Akaona begi. Akaona pakiti mkononi mwa Dokta Geti.

— Hivi si vya Rozina?

Kicheko kikakatika. Redio Mbao akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, haikutoka habari. Mteja wa Laela, yule wa katikati, alikuwa amekaa palepale ameinamisha kichwa juu ya kipande cha tyubu.

Mara honi ikalia. Lori la Meshack likasimama likitetemeka, na Meshack akatoa kichwa dirishani.

— Mzee Adolfu, panda! Tumpitie binti shuleni, jua la bondeni halisubiri mtu.

Otilia akatazama lori. Akamtazama baba yake. Hakuhitaji kuelezwa, mwenyewe alishaipita njia hiyo.

— Unamtoa shule, baba?

— Nimemkuta na vidonge, akasema Adolfu. Msichana wa shule! Nifanye nini? Nimsubiri aharibike?

— Mimi ndiye niliyempeleka kliniki.

— Wewe?

— Mimi. Nesi alimuuliza maswali mpaka nikachoka, akamweleza kila kitu, akampa. Mimi sikumuuliza ana nani. Nilimuuliza anataka nini, akasema anataka kumaliza kidato cha nne.

— Lakini dawa hizi, mwanangu, akajaribu Dokta Geti, kitaalamu zinamtoa msichana kwenye mstari...

Otilia akamgeukia, kwa adabu, akimrekebisha mtoto mgongoni. Kisha akamrudia baba yake, na aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

— Baba, siku ile uliponifuata shuleni na sanduku langu, mimi walinikuta na vidonge vingapi?

Dokta Geti akatazama ndani ya kikombe chake. Ruksa akaanza kufunga robota lililokuwa limeshafungwa. Redio Mbao akatafuta kitu angani. Lori liliendelea kutetemeka, na mtoto mgongoni kwa Otilia akaamka, akawaangalia wote mmoja mmoja, kama naye anasubiri jibu.

Adolfu akautazama mkanda wa begi. Alikumbuka ile njia, vumbi lake, na nyayo za binti yake nyuma ya baiskeli ambazo alizisikiliza saa mbili bila kugeuka. Ilimuuma upya, na safari hii hakujificha.

— Meshack, akasema. Nenda.

— Na kiti?

— Mpe mwingine. Mwambie shangazi mtu tutakuja sikukuu, mimi na Rozina, shule zikifungwa.

Meshack akatikisa kichwa, akaingiza gia, lori likaondoka na vumbi lake kuelekea bondeni. Adolfu akavuta mkanda wa begi kujaribu kiraka, akavuta tena kwa mikono yote miwili, haukuachia. Akanyoosha mkono kwa Dokta Geti, akapewa pakiti, akairudisha mwenyewe kwenye mfuko wa ndani na kumkabidhi bintiye begi.

— Mpe. Usimwambie kama nimeona.

Otilia akatabasamu, na uso wake ukawa wa yule msichana wa kwanza darasani. Lakini ni mtu makini, hakuishia hapo. Akaitoa pakiti, akaifuata mishale kwa kidole.

— Baba, huwa anameza jioni. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Sasa mbona cha leo hakipo?

Adolfu akajifanya anatafuta spana.

— Cha Alhamisi kiko wapi?

Macho ya kijiwe chote, polepole, yakahamia juu ya robota. Kuku mwekundu alikuwa ndani ya koti lake la sufu, amejikunja, anasinzia kwa raha.

— Ilikuwa ni sayansi, akasema Dokta Geti.

Ilibidi Otilia ashike ukingo wa benchi kwa kucheka. Alipoweza kupumua akasema hili si la kubahatisha, ni la kwenda kumuuliza nesi leo hii, na aliyepoteza kidonge ndiye wa kwenda kueleza kimekwenda wapi. Adolfu akageukia wenzake. Mlango wa kliniki ulikuwa unaonekana kutoka pale pale benchini, na nje yake wanawake wamejipanga na watoto wao.

— Haya, wataalamu. Nani ananisindikiza?

Ruksa akasema makoti hayana mwangalizi. Redio Mbao akasema magoti yanamuuma. Dokta Geti, mwenye miaka kumi na tisa ya udaktari, akasema yeye kwa kawaida huishia getini.

— Flavian, nipe basi kahawa ya mwisho nipate nguvu.

Flavian akainamisha birika mpaka chini, akalitikisa.

— Imekwisha, mzee.

Adolfu akafuta solesheni mikononi, akafunga kifungo cha juu cha shati, akavuka barabara peke yake. Kutoka benchini walimwona akiwasalimia wanawake, wakimsogezea nafasi kwenye benchi lao, naye akikaa, mwanamume pekee, mikono magotini. Kisha wakamwona mama mmoja akimuuliza kitu, Adolfu akijibu, na benchi lile zima likaanguka kicheko ambacho kijiweni hakijawahi kusikika.